Fahali wa Saruji Nani Atamlisha? Risala ya Wakazi wa Khayega Kuhusu Mahali pa Kumbukumbu

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Kakamega. Kwa Spika na waheshimiwa wawakilishi wadi. Kwa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Na kwa yeyote atakayepewa kazi ya kuchora.



Sisi tunaowaandikia ni wakazi wa Khayega na vijiji vinavyouzunguka mji huu, pale barabara ya Shinyalu inapoachana na ile itokayo Kisumu kwenda Kakamega. Miongoni mwetu wamo akina mama wauzao mboga na omena, vijana wa bodaboda, wafinyanzi wa Ilesi, maliguru (wazee wa vijiji), walimu waliostaafu, wapigaji isukuti, Wakatoliki wa Mukumu, Wafrenzi, na wachache ambao Jumapili wanajua wenyewe walipo. Aliyepewa kalamu ni mwalimu mstaafu. Akikosea herufi alaumiwe yeye. Akisema kweli tulaumiwe sote.

Haki ya kuwaandikia tunayo. Kifungu cha 37 cha Katiba ya 2010 kinaturuhusu kuwasilisha malalamiko kwa wenye mamlaka, na sehemu ya 88 ya Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inasema hivyohivyo kwa upande wa kaunti. Jedwali la Nne la Katiba limeiachia kaunti shughuli za utamaduni, kwa hiyo mlango tuliobisha ndio wenyewe.

Jambo lililotuleta ni hili. Baadhi yetu tuliitwa ukumbini tukaonyeshwa mchoro wa mnara unaokusudiwa kusimama Khayega ili kuwaenzi mashujaa na utamaduni wetu. Ofisi iliyotuita hatuitaji, na aliyechora hatumtaji, maana ugomvi wetu si na mtu. Mchoro uliangazwa ukutani. Tuliona jukwaa la matale la ngazi tatu, juu yake nguzo, na juu ya nguzo mwanamume kifua wazi, mkono huu mkuki na ule ngao, akitazama mbali kama anayesubiri matatu ya Kisumu. Miguuni mwake pamezungushwa urembo wa shanga. Pembeni kuna kibao cha shaba kitakachoandikwa majina, na majina hayo ni ya wageni watakaokuja kukifunua.

Kukhu mmoja, bibi mzee aliyekaa nyuma, aliuliza yule mwanamume ni nani. Akajibiwa kwamba ni Mwafrika. Akauliza tena: wa ukoo gani? Ukumbi ulicheka, naye akaketi. Swali lake halikujibiwa siku ile wala halijajibiwa hadi leo. Kisha tukaandikwa majina kwenye karatasi ya mahudhurio, tukapewa soda na mkate, na baadaye tukasikia kwamba karatasi ile ndiyo inayoitwa ushirikishwaji wa umma.

Tumekaa na swali la kukhu kwa muda, na kadiri tulivyokaa nalo ndivyo tulivyoona kwamba shida ya mchoro haikuwa uso wa yule mtu, wala kifua chake, wala shanga za rangi isiyo yetu. Shida ilikuwa kiweko. Nchi hii ilipopata uhuru sanamu ya Lord Delamere iliondolewa katikati ya Nairobi, na watu wakashangilia. Lakini ile kazi ya kumwinua mtu mmoja juu ya jiwe, awatazame wapita njia kutoka juu, haikuondoka naye. Tulibadilisha aliyepanda, tukaacha alichopandia. Hatumvunjii heshima Dedan Kimathi, ambaye sanamu yake ya shaba imesimama kwenye barabara ya jina lake tangu mwaka 2007. Alistahili kukumbukwa zamani zaidi ya hapo. Tunasema tu kwamba hata yeye amewekewa kiti cha wale waliomnyonga.

Mnara wa kiweko hauhitaji mtu. Ukishafunuliwa utepe ukakatwa, kazi yake imekwisha na ya kwetu imekwisha. Unabaki kwa njiwa na mabango ya kampeni. Na ukiwa mbaya, unageuka kichekesho: mwezi wa Agosti 2024 sanamu za wanariadha zilizosimamishwa Eldoret mji ulipopandishwa kuwa jiji zilichekwa mitandaoni mpaka zikaondolewa, na waliofedheheka ni wanariadha ambao hawakukosa lolote.

Sasa tuwaambieni tunavyokumbuka sisi, kwa sababu mchoraji hakuuliza.

Mtu akifa katika nchi hii ya Waluhya, hazikwi akasahaulika siku ya mazishi. Baada ya siku chache ukoo hukutana tena, nywele hunyolewa, na mzee husimama akauliza mbele ya watu: nani anamdai marehemu, na marehemu anamdai nani? Mwenye deni la ng'ombe hujitokeza. Aliyekopeshwa jembe hujitokeza. Anayenyamaza siku hiyo na kuja kudai baadaye hasikilizwi. Ndipo marehemu huachwa apumzike, na mtoto atakayezaliwa huweza kupewa jina lake. Kwa mafundisho hayo kumbukumbu ni hesabu kwanza, sifa baadaye. Asiyesomewa madeni yake hajazikwa sawasawa, hata kama kaburi limejengewa vigae.

Basi wapo wafu wa hapa ambao siku yao ya kunyolewa haijafika. Tutawataja wa aina mbili.

Wa kwanza ni waliochukuliwa kubeba mizigo katika Vita Vikuu vya Kwanza. Kavirondo Kaskazini, kama Wazungu walivyoiita nchi yetu, ilitoa vijana wengi kwa jeshi la wapagazi, wale ambao jina lao limebaki Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Walibeba risasi, unga na majeruhi kuwafuata askari kusini mpaka koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki na kulipita. Wengi waliuawa na kuhara, malaria na njaa kuliko risasi. Mishahara ya wengi waliokufa haikulipwa kwa jamaa zao, kwa hoja kwamba jamaa hawakujulikana. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Tusome tena: pengo baina ya tarakimu hizo mbili ni watu laki mbili na zaidi. Ng'ombe wa mnada huhesabiwa vizuri kuliko hivyo.

Mkifika Nairobi mtaona sanamu ya wanaume watatu wa vita hivyo, ya miaka ile ya 1920, na mmoja wao ni mpagazi. Maandishi yake yalitungwa na Rudyard Kipling, yakaandikwa pia kwa Kiswahili na Kiarabu, na yanamwahidi anayekufa vitani kwamba wanawe watalikumbuka jina lake. Zungukeni sanamu nzima, mtafute jina la mpagazi mmoja. Jiwe limetoa ahadi na halikuweka hata jina moja la kuanzia.

Wa pili ni waliofukuzwa na dhahabu. Mwaka 1931 Mmarekani aliyeitwa L. A. Johnson alipata dhahabu Kakamega, na wachimbaji wa kizungu wakamiminika. Sheria ya Ardhi ya Wenyeji ya mwaka 1930, ambayo wino wake ulikuwa haujakauka, ilikuwa imeahidi kwamba ardhi ya Waafrika ni yao daima, na ikichukuliwa italipwa kwa ardhi nyingine. Mwezi wa Desemba 1932 serikali ya Gavana Joseph Byrne iliibadilisha sheria hiyo kwa haraka ili ardhi yenye dhahabu ichukuliwe bila kulipwa ardhi. "Daima" iliishi miaka miwili. Walioteta walikuwepo, hata miongoni mwa Wazungu: Arkidiakoni Walter Owen aliandika kwenye magazeti ya Uingereza akiipinga. Wazee wetu waliteta kwa namna yao, na miaka hiyohiyo ya 1930 likaundwa shirika la North Kavirondo Central Association, ambalo ardhi ilikuwa katika kiini cha kilio chake. Mgodi wa Rosterman ulichimba mpaka mwaka 1952. Kampuni ilikwenda, jina likabaki: leo Rosterman ni mtaa, na kuna watoto wanaozaliwa huko wasiojua kwamba wanaitaja kampuni. Mashimo nayo yalibaki. Akina mama bado wanaosha mchanga mitoni wakitafuta chembe, vijana wanashuka kwenye mashimo ya Ikolomani kwa kamba, na wengine hawapandi tena. Na kampuni zimerudi kuitafuta dhahabu hiyohiyo. Kwa hiyo anayesema tunachokoa yaliyopita hajapita Ikolomani karibuni.

Hao ndio tunaotaka wakumbukwe. Yule wa kifua wazi, kama ana jina, aje ajitambulishe.

Tunajua mtatuuliza: sawa, mnataka nini kisimame? Hapo ndipo penye neno letu, nalo ni gumu kidogo kulichora. Tunachotaka ni mahali panapotudai. Mahali ambapo tusipokwenda mwaka mmoja patatuaibisha.

Mfano hatuutoi mbali. Kutoka Khayega kwenda Kakamega, kabla hamjaingia mjini, lipo jiwe la Ilesi, Ikhongo Murwi, refu kama mita 40, lenye umbo la mtu aliyeinamisha kichwa. Maji hutiririka juu yake, na watu husema linalia. Hadithi zake ni nyingi. Inayosimuliwa zaidi ni ya binti aliyegeuzwa jiwe. Hakuna aliyelizindua. Halina kibao cha mgeni wa heshima. Na bado hakuna mtoto wa hapa asiyejua kuwa jiwe lile lina huzuni, na huzuni hiyo hufundishwa kabla ya kujua kusoma. Tafadhali msije mkaliiga kwa saruji hapa Khayega. Tumeshasikia wazo hilo na tumelikataa. Tunachotaka kujifunza kwake ni kulia kwenyewe, kwamba jiwe linaweza kupewa kazi ya kufanya.

Mfano wa pili ni mawe ya misambwa, yaani mizimu ya mababu, yaliyokuwa katika maboma ya babu zetu. Mgeni hakuyaona kuwa kitu: mawe machache chini, pengine karibu na mti, mtu angeweza kuyaruka. Nguvu yake haikuwa katika ukubwa. Ilikuwa katika ratiba ya anayeyahudumia. Na mti wenyewe mara nyingi ulikuwa na heshima zake. Murembe wenye maua mekundu haukatwi ovyo, na kwa ndugu zetu Wabukusu mtu aliyeshukiwa kosa aliweza kuapa kwa mti huo. Mti uliokuwa korti na kaburi na kivuli kwa pamoja! Msanifu wa majengo gani amewahi kupata zabuni ya namna hiyo?

Wa tatu uko Uganda. Makaburi ya Kasubi ya wafalme wa Buganda yaliungua tarehe 16 Machi 2010. Kama lingekuwa jengo la zege, ingeitwa kampuni. Lakini paa la Kasubi ni la nyasi, na kuezeka ni kazi ya ukoo wa Ngeye, wanaorithishana ujuzi huo. Ilichukua zaidi ya miaka kumi, kulikuwa na mabishano, na mwaka 2023 UNESCO ikayatoa makaburi hayo kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Kilichorudisha Kasubi ni kwamba nyumba ile haikuwahi kuwa mali ya mjenzi. Kila kizazi kilikuwa kimeijenga kidogo.

Mijikenda nao wana vigango, nguzo za mbao wanazochongewa wanachama wa Gohu waliofariki. Kigango huachwa kiliwe na jua na mchwa pale kiliposimamishwa. Vingi viliibwa, vikaishia kwenye makumbusho ya Marekani kana kwamba vilikuwa vimetupwa. Ndipo mwaka 2007 viwili vikarudishwa, na mwaka 2019 vingine 30 kutoka Denver. Tunawataja kwa sababu kuna atakayesema mbao haidumu. Hatutaki idumu. Nguzo ikioza, mwana au mjukuu atalazimika kuchonga nyingine, na atauliza jina la anayemchongea. Matale humwondolea mjukuu taabu ya kuuliza.

Walio mbali nao wamefikia hapo kwa njia yao. Mwezi wa Januari 2025 Cape Town ilifunguliwa kumbukumbu ya vibarua weusi wa Afrika Kusini waliokufa katika vita hivyohivyo vya wapagazi wetu: nguzo za mti wa mvule zilizosimama bustanini, kila nguzo na jina la mtu mmoja, zaidi ya nguzo 1,700. Hakuna wa kifua wazi. Unatembea katikati ya watu. Kama Cape Town waliweza kupata majina, Khayega haiwezi kuambiwa kwamba majina hayapo.

Hivi ndivyo tulivyokubaliana, baada ya kubishana kwa mikutano kadhaa chini ya mti. Uwanja wa duara, chini kabisa, usio na ngazi, ili mzee wa magongo na mama mwenye mzigo wa ndizi kichwani waingie bila kuomba msaada. Katikati pasiwe na mtu. Pawe na mawe matatu ya kukalia, kubwa, la kati na dogo, kama zilivyo ngoma tatu za isukuti. Mawe mengine yaletwe na watu wenyewe: kila boma lililopoteza mtu Kariakoo au shamba kwa dhahabu lilete jiwe lake, liliweke kwa mkono wake, na jina lisemwe. Nguzo za lusiola zizunguke uwanja, mti ambao mchwa huupitia kwa adabu, na majina yachongwe juu yake. Maji ya mvua yakusanywe kwenye vyungu vya Ilesi vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, yateremke polepole kwenye jiwe moja lililoinama. Masika lilie. Kiangazi linyamaze. Kijana mmoja alipendekeza pampu ya umeme ili lilie mwaka mzima na watalii wasikose. Tulimsikiliza kwa heshima.

Yatokanayo na hayo ndiyo madai yetu.

Mchoro ule uwekwe kando, na kazi ya kusanifu ianze na wafinyanzi, wachongaji, wapiga ngoma na wazee kabla ya mshauri yeyote kulipwa. Tunajua sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 na masharti yake. Zabuni ikidai kwamba mwombaji awe amejenga minara ya mamilioni, mama anayefinyanga Ilesi kwa miaka arobaini hataweza hata kununua fomu. Vunjeni kazi hiyo vipande vipande: vyungu peke yake, nguzo peke yake, mawe peke yake. Na Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Maonyesho ya Utamaduni ya mwaka 2016 inataka wenye utamaduni waridhie kwanza kabla haujatumiwa. Soda na mkate si ridhaa.

Majina yatafutwe. Hili ndilo dai tutakalolirudia hadi mtuchoke. Hifadhi ya Nyaraka za Taifa ina madaftari ya wilaya. Uingereza ina yake. Na hapa kwetu kuna wazee wanaojua kuka (babu) yupi hakurudi, ila kila msimu wa mazishi wanapungua. Tunaomba vijana waliosoma na wasio na kazi, ambao Khayega hatuna upungufu wao, walipwe kupita boma kwa boma kurekodi. Kazi hii ianze kabla ya jiwe la kwanza, maana majina yakichelewa hakuna mvua itakayoyarudisha. Pale ambapo jina halijulikani, nguzo isimame tupu. Tusiandike "askari asiyejulikana." Kwao alijulikana.

Deni lisomwe. Kila mwaka, siku watakayoichagua wakazi, serikali ya kaunti imtume mtu wake asimame ndani ya duara aulize kama mzee anavyouliza siku ya kunyoa: nani anadai, na nini kimelipwa? Asomewe habari ya sheria ya 1932. Asomewe mishahara ya wapagazi. Asomewe pia mashimo ya mwaka huo, nani alifukiwa Ikolomani na nani alipewa leseni. Tunajua hakuna ofisa anayependa kutumwa kwenye kazi kama hiyo, na ndiyo maana tunaiomba.

Fungu la matunzo litengwe kabla ya fungu la ufunguzi, na hesabu zote zibandikwe sokoni kwa Kiswahili na Lwisukha, lugha yetu, kwa herufi zinazosomeka bila miwani.

Isukuti ipewe mahali. Mwaka 2014 UNESCO iliiandika ngoma ya Isukha na Idakho kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka, kwa sababu wanaoijua wamezeeka na hawana warithi. Tangu hapo tumeona ikiitwa kumpokea kila mgeni anayeshuka kwenye gari, dakika kumi, kisha wapigaji wanaulizwa kama wamekula. Uwanja huu uwe shule yake: Jumamosi watoto wafundishwe na mafundi walipwe kama walimu wengine wanavyolipwa. Na mtusaidie katika suala la ngozi. Ngoma hizi ziliwambwa kwa ngozi ya kenge, ambayo siku hizi inaweza kumfikisha fundi kortini. Tunahitaji kuketi na watu wa wanyamapori tutafute njia, badala ya fundi kujificha jikoni kwake.

Maandishi yatakayokuwepo yaanze kwa Lwisukha, yafuatwe na Kiswahili, Kiingereza kije mwisho. Pasiwe na jina la aliyefungua.

Kuna hoja mbili tumeambiwa tuzijibu. Ya kwanza imetoka kwa waumini wenzetu: je, mnarudisha mizimu karibu na Mukumu, ambako misheni imekuwepo tangu mwaka 1906? Tumelizungumza hilo bila kuoneana haya, maana wengi wetu tulibatizwa hapohapo. Jina la Mukumu lenyewe ni la mti wa jamii ya mkuyu, na mapadri waliukuta. Hatumwombi mtu asali kwa mawe. Anayetaka kusali rozari kwenye jiwe la babu yake atasali. Anayetaka kumwaga busaa kidogo chini atamwaga. Anayetaka kukaa kimya tu, kiti kipo. Kanisa lenyewe huwataja marehemu wake kwa majina kila Novemba. Tunaomba babu zetu nao watajwe.

Ya pili ni ya vijana wa bodaboda. Wao walitaka fahali. Fahali mkubwa wa saruji, pembe zimenyanyuliwa, pale stejini, wageni wapige picha na biashara iende. Hoja yao ilikuwa na uzito: nchi hii ni ya mafahali, alfajiri za mapigano barabara hujaa watu na filimbi na matawi, na mzee aliyefariki akienziwa kwa sherehe ya shilembe mafahali huwepo. Tulipiga kura, na fahali alikuwa anaelekea kushinda. Ndipo yule kukhu wa ukumbini akauliza tena swali lake la aina ile: fahali wa saruji nani atamlisha? Fahali wetu, alisema, anajulikana kwa aliyemkatia majani usiku na kumwimbia asubuhi. Bila mtu huyo ni nyama tu. Kijana aliyekuwa anaongoza upande wa fahali alinyamaza kidogo, kisha akasema yeye analisha fahali wa baba yake na hajawahi kupigwa picha naye. Kura ikarudiwa. Hata hivyo tumewaahidi vijana kwamba njia ya kuingilia uwanjani itakuwa pana ya kumpitisha fahali wa kweli, na tunaomba msanifu asiisahau ahadi hiyo.

Tunaomba majibu kwa maandishi ndani ya siku 60, yasomwe kwenye baraza la wazi, hapa Khayega na si katika hoteli ya mjini. Wakati mnatafakari, sisi hatutakaa. Miche ya lusiola iko kitaluni kwa mama mmoja nyuma ya soko, inanyweshwa kwa zamu. Mawe yameanza kuletwa. Kwa sasa yamewekwa kando ya nyumba ya liguru, kila moja limefungwa kitambaa chenye jina, na mawili hayana kitambaa kwa sababu walioyaleta walikumbuka mtu tu, jina lake likawa limewapotea. Hao wawili ndio tungependa watafutwe kwanza.

Ni sisi wenu,
wakazi wa Khayega.